Mapatano na Ukinzani: Uhakiki wa Nadharia ya Majadiliano Mbele ya Mto Katuma

Mgogoro unapozuka kati ya wananchi, kada huulizwa mambo mawili: nani mwenye haki, na sasa ifanyike nini. Mara nyingi swali la pili hujibiwa kabla la kwanza halijachunguzwa. Watu huitwa, hotuba hutolewa, mikono hupeanwa, na taarifa hupelekwa wilayani kwamba mgogoro umekwisha. Baada ya masika mawili mgogoro ule ule hurudi, na safari hii una majeruhi. Jambo hili si la bahati mbaya. Linatokana na fikra fulani kuhusu mapatano, na fikra hizo zina asili yake. Ni wajibu wetu kuzichambua, kuchukua lililo sahihi na kulikataa lisilofaa.

Kitabu kilichozieneza fikra hizo kuliko kingine chochote ni Getting to Yes, kilichoandikwa na Roger Fisher na William Ury wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, na kutolewa mwaka 1981. Toleo la pili la mwaka 1991 liliongezewa mwandishi wa tatu, Bruce Patton. Mafundisho yake leo yamo katika semina za usuluhishi duniani kote, na hata msemaji asiyewahi kukiona kitabu chenyewe hutumia maneno yake. Tunakihakiki hapa kwa kukiweka mbele ya mgogoro halisi: mgogoro wa maji ya Mto Katuma na mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kama unavyoonekana kutoka Sitalike.

Kitabu kinafundisha nini

Mafundisho ya kitabu hiki ni manne. Kwanza, tenganisha watu na tatizo, yaani shughulikia jambo lenyewe bila kumshambulia anayelisema. Pili, tazama mahitaji ya kila upande badala ya msimamo unaotangazwa. Tatu, buni njia nyingi kabla ya kuamua moja. Nne, pima mapatano kwa kigezo kisichotegemea utashi wa upande wowote, kama vile sheria, bei ya soko au ushahidi wa kitaalamu. Pamoja na hayo, kitabu humtaka kila mjadiliani ajue mapema atafanya nini endapo mazungumzo yatavunjika, kwa kuwa mwenye njia nzuri ya nje halazimiki kukubali mapatano mabaya.

Mfano wake mashuhuri ni wa watoto wawili wanaogombania chungwa. Wanalikata katikati. Mmoja anakula nyama na kutupa ganda. Wa pili anatumia ganda kwa kuoka keki na kutupa nyama. Lau kila mmoja angeulizwa analitakia nini, wote wawili wangepata mara mbili ya walichopata.

Tuseme wazi kwamba katika mafundisho haya yako mambo ya kweli. Kiongozi anayesikia maneno makali ya mkulima na kuyachukua kuwa ni matusi kwa Serikali hajatenganisha mtu na tatizo. Na sisi hatukulazimika kungoja Harvard kuambiwa hivyo. Katika kijitabu chake Tujisahihishe cha mwaka 1962, Mwalimu Nyerere aliwakanya wanachama wa TANU wenye tabia ya kupima hoja kwa kumtazama aliyeisema badala ya kutazama ukweli wake. Kadhalika Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakataza viongozi majivuno na ubabe, ukataka wananchi washiriki katika kufikiri, kupanga na kutekeleza mambo yanayowahusu. Kwa hiyo ugomvi wetu na kitabu hiki hauhusu adabu ya mazungumzo. Unahusu kile ambacho kitabu kinakichukua kuwa kipo tayari kabla mazungumzo hayajaanza.

Mto si chungwa

Sitalike ni kijiji kilicho kiasi cha kilometa 40 kusini ya mji wa Mpanda, mlangoni mwa Hifadhi ya Katavi. Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 1974, ikapanuliwa mwaka 1998, na ukubwa wake ni kilometa za mraba 4,471. Uhai wake wa kiangazi hutegemea Mto Katuma na maziwa ya msimu ya Katavi na Chada, kabla maji hayajaelekea Ziwa Rukwa. Mto ule ule, kabla ya kufika Sitalike, unapita katika mabonde yanayolimwa mpunga, kama vile ya Kakese na Mwamkulu. Wakulima huko hujenga mabanio na kuchepusha maji kuingia katika majaruba. Miti iliyokatwa juu ya vilima hupunguza maji ya kiangazi, na mifugo iliyohamia kutoka mikoa ya kaskazini kwa miongo mingi nayo huhitaji kunywa. Kufikia Septemba na Oktoba, viboko hubanana katika vidimbwi vichache vya matope, na mkazi wa Sitalike huchota maji jirani na mnyama anayeweza kumuua.

Sasa tulete mfano wa chungwa. Mkulima wa juu anataka nini katika maji? Anataka maji. Kijiji cha chini kinataka nini? Maji. Hifadhi inataka nini? Maji, tena katika miezi ile ile. Hapa hakuna ganda na nyama. Nusu lita iliyobaki jarubani haiwezi kufika mtoni kwa sababu wajadiliani wamesikilizana vizuri. Chungwa lilikuwa na sehemu mbili zisizofanana, na hiyo ndiyo siri nzima ya mfano ule. Ni mfano uliochaguliwa ili jibu lipatikane.

Pili, watoto wale wawili ni sawa. Wamekaa mezani pamoja na chungwa liko katikati yao. Mto hauko katikati ya mtu yeyote: una juu na chini. Aliye juu hupata maji kwanza hata akinyamaza. Aliye chini hupata yaliyobaki hata akiwa na hoja nzuri kiasi gani. Huu ni uhusiano wa nguvu uliojengwa na ardhi yenyewe, na juu yake hujengwa mwingine wa mali. Mwenye ekari nyingi na mashine ya kuvuta maji hana haja ya kuja mkutanoni. Mwenye robo ekari hana budi kuja.

Waandishi wenyewe waliliona tatizo hili, na jibu lao kwa mnyonge ni kwamba atafute njia bora ya nje ya mazungumzo. Kwa mfanyabiashara anayeuza nyumba, shauri hili ni jema: mnunuzi huyu akikataa, yuko mwingine. Lakini mkazi wa Sitalike mto ukikauka ana njia gani ya nje? Kuhama. Na mfugaji aliyeondolewa katika pori la akiba? Kuingia katika pori jingine. Kumwambia mtu wa namna hii aboreshe njia yake ya nje ni kumshauri maskini awe tajiri kabla ya kujadiliana. Nguvu ya mnyonge haitoki katika hesabu ya mtu mmoja mmoja. Hutoka katika kuungana na wenzake na katika sheria inayomlinda. Kuhusu muungano huu wa wanyonge, kitabu kina machache mno ya kusema, kwa sababu mjadiliani wake mara nyingi ni mtu binafsi sokoni au dola mbele ya dola nyingine.

Nani hayupo mezani

Waandishi wa Getting to Yes wanautaja kwa fahari mkutano wa Camp David wa Septemba 1978. Misri ilitaka kurudishiwa Sinai yote. Israel ilitaka usalama. Suluhu ilikuwa kurudisha ardhi kwa Misri na kuondoa majeshi makubwa katika sehemu iliyo jirani na Israel. Ni kweli kwamba kwa Sinai njia hii ilifanikiwa. Lakini mkutano ule ule uliandaa pia mpango juu ya Ukingo wa Magharibi na Gaza, na Wapalestina hawakuwamo mezani. Sehemu iliyojadiliwa na wenyewe ilidumu. Sehemu iliyojadiliwa bila wenyewe haikuleta amani. Kitabu kinasifu ustadi wa meza bila kuuliza meza hiyo ilipangwa na nani.

Sisi wa Afrika Mashariki tunao mfano wetu, nao unagusa Mkoa wa Katavi moja kwa moja. Mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi yaliwafukuza maelfu ya watu, na wengi wao wakapewa makazi Katumba na Mishamo, ambayo leo yako Katavi, na Ulyankulu mkoani Tabora. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipozuka Burundi mwaka 1993, Mwalimu Nyerere ndiye aliyekuja kubeba mzigo wa usuluhishi. Mazungumzo ya Arusha yalianza Juni 1998. Yaligawanywa katika kamati tano, na ya kwanza ilipewa kazi ya kuchunguza asili ya mgogoro wenyewe. Tulizingatie jambo hili. Kabla ya kuuliza kila upande unahitaji nini, wajumbe walitakiwa kuuliza hali hii imetokana na nini. Mwalimu alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, Nelson Mandela akaichukua kazi hiyo, na mkataba ukatiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000.

Hata hivyo vita haikukoma siku ile. Makundi makubwa yenye silaha, CNDD-FDD na Palipehutu-FNL, hayakuwa sehemu ya mkataba. Ilibidi mapatano mengine yafanywe na la kwanza mwaka 2003 na la pili mwaka 2006. Fundisho ni mawili kwa pamoja: uchunguzi wa chanzo ulifanya mkataba uwe na kina, na kukosekana kwa wenye bunduki kulifanya amani ichelewe. Mkataba wa watu waliopo hauwafungi wasiokuwepo.

Kwa wakimbizi wa mwaka 1972 suluhu ilikuja kwa njia nyingine. Kuanzia mwaka 2007 waliulizwa wachague: kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Wengi walichagua kubaki, na maombi zaidi ya 162,000 yalikubaliwa. Mpango wa mwanzo uliwataka raia hao wapya watawanywe katika mikoa mingine. Watu waliokuwa wamelima ardhi ile kwa zaidi ya miaka 30 hawakuliona jambo hilo kuwa jepesi. Mpango wa kuwatawanya ulisimamishwa, na vyeti vya uraia vikatolewa kuanzia mwaka 2014. Katumba iko katika Halmashauri ya Nsimbo, halmashauri ile ile ya Sitalike. Kada wa Nsimbo anayetafuta mfano wa mgogoro mgumu uliotatuliwa kwa kuwauliza wahusika hana haja ya kwenda Camp David.

Jina la "mvamizi"

Kasoro ya Getting to Yes ni kuona kila ukinzani kama kutoelewana. Lakini iko kasoro ya pili, inayotoka upande wetu wa itikadi, nayo ni kuona kila ukinzani kama vita. Tukiikosoa ya kwanza bila ya pili tutakuwa tumefanya nusu ya kazi.

Mwezi Februari 1957, Mwenyekiti Mao Zedong alitoa hotuba maarufu juu ya namna sahihi ya kushughulikia migongano miongoni mwa watu. Alitofautisha migongano ya aina mbili: kati ya watu na adui zao, ambayo huamuliwa kwa nguvu, na kati ya watu wenyewe kwa wenyewe, ambayo huamuliwa kwa hoja, kukosoana na kuelimishana. Utofautisho huu una manufaa makubwa. Unamkataza kiongozi kutumia polisi mahali panapotaka mkutano. Lakini historia ya China yenyewe inatuonyesha hatari yake: miezi michache baadaye, Juni 1957, wengi waliokuwa wamejitokeza kukosoa waliitwa watu wa mrengo wa kulia, wakaadhibiwa. Nadharia haikusema ni nani mwenye mamlaka ya kuamua kwamba huyu ni mwananchi na yule ni adui, na chombo chenye mamlaka hayo kikawa na mamlaka yote.

Katika migogoro ya hifadhi na ardhi, neno linalofanya kazi hiyo hapa kwetu ni "mvamizi". Mtu akishaitwa mvamizi, hana mahitaji ya kusikilizwa. Ana siku za kuondoka. Lakini mpaka wa Katavi ulipanuliwa mwaka 1998. Katika mahali ambapo mpaka unasogea, ni lazima kuuliza nani alimfuata mwenzake. Huenda jibu likawa kwamba mkulima amevuka alama akijua. Huenda likawa kwamba alama ndiyo iliyomvuka. Hilo ni swali la ushahidi, na jina likitangulia ushahidi, uchunguzi umekwisha kabla haujaanza.

Gharama ya kutanguliza amri inajulikana. Vijiji vya Maendeleo vilipoanzishwa kwa operesheni kati ya mwaka 1973 na 1976, watu wengi walihamishwa kwa nguvu, na ardhi ya mmoja akapewa mwingine. Madai yake yalikuwa bado mahakamani miaka 20 baadaye: sheria ya mwaka 1992 ilijaribu kuyafuta kwa kalamu, na Mahakama ya Rufani mwaka 1994 ikaamua kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Operesheni Tokomeza ya mwaka 2013 ilikuwa na lengo la haki kabisa, yaani kuwakomesha majangili. Ilisimamishwa baada ya malalamiko ya mateso na vifo, na Desemba ya mwaka ule mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao. Kinyume chake, Januari 2019 Rais Magufuli aliagiza kusimamishwa kwa uondoaji wa vijiji vilivyodaiwa kuwa ndani ya maeneo ya hifadhi, na kamati ya mawaziri ikapewa kazi ya kuchunguza. Matokeo yaliyotangazwa mwaka huo yalikuwa kwamba vijiji 920 kati ya 975 vyenye migogoro vibaki. Ikiwa zaidi ya tisa katika kila kumi vilistahili kubaki, basi jina la mvamizi lilikuwa limetumiwa kwa uzembe mkubwa.

Somo la Usangu

Je, ukiwapo ukinzani wa kweli, kama ule wa juu na chini ya mto, majadiliano yana kazi gani? Jibu letu ni kwamba yana kazi, ila kazi yake si ile inayotajwa na kitabu.

Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha mwaka 1993. Lawama nyingi ziliwaangukia wafugaji wa Usangu, na mwaka 2006 na 2007 wakaondolewa pamoja na mifugo yao. Watafiti waliokuwa wakipima maji walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba sababu kubwa ilikuwa ni mifereji iliyoendelea kuchukua maji ya kiangazi kwa ajili ya mashamba, hata pale mpunga haukuyahitaji sana. Yaani waliosulubiwa hawakuwa chanzo kikuu.

Katika bonde hilo hilo, mtaalamu Bruce Lankford na wenzake walibuni mchezo. Ubao mrefu wenye mteremko ulichongwa kama mto, gololi zikawa maji, na vijiti vikawa mabanio. Wakulima wa juu na wa chini waliucheza pamoja. Aliye juu huweka vijiti na kujaza mashimo yake. Aliye chini hukaa akitazama ubao mtupu. Kisha hubadilishana nafasi. Baada ya hapo ndipo mazungumzo juu ya zamu za maji huanza.

Tofauti yake na chungwa ni kubwa. Mchezo huu haudai kwamba maji yanatosha. Hauwafichi wachezaji kwamba mmoja akizidisha, mwingine atakosa. Unauweka ukinzani wazi mbele ya macho ya wote, kisha unawataka wote waamue watakosa kiasi gani na kwa zamu gani. Hayo ndiyo majadiliano yanayojenga: kugawana uhaba kwa haki, kwa hiari, na kwa kanuni inayoweza kusimamiwa.

Kazi ya kada wa Sitalike na Mpanda

Kutokana na uhakiki huu tunapendekeza masharti manne kabla mkutano wowote wa suluhu haujaitishwa.

Kwanza, chanzo kichunguzwe. Maji yapimwe juu, katikati na chini, kiangazi na masika, na ijulikane nani anachukua kiasi gani na kwa kibali gani. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 inatanguliza matumizi ya nyumbani, kisha maji ya kutunza mazingira, ndipo zije shughuli nyingine za uchumi. Hicho ndicho kigezo kisichotegemea utashi ambacho kitabu kinakitaka, nacho tayari kipo. Kibali cha mkulima mkubwa kikaguliwe kwa ukali ule ule unaotumiwa kubomoa banio la mkulima mdogo.

Pili, wahusika wote wawepo, na wanyonge wawe wameungana kwanza. Jumuiya ya watumia maji isiwe ya wenye mashamba ya juu peke yao. Wakulima wa chini, wafugaji, wanawake wanaochota maji na Hifadhi wawe na sauti. Sheria imeweka wajumbe saba katika baraza la ardhi la kijiji, watatu kati yao wakiwa wanawake. Hesabu hiyo isibaki kwenye karatasi.

Tatu, msuluhishi asiwe mdai. Serikali ndiyo inayomiliki hifadhi, inayotoa vibali, inayokamata na inayosuluhisha. Katika hali hiyo kada wa Chama hawezi kuwa msemaji wa ofisi. Kazi yake ni kuupeleka ukweli wa kijiji juu kwa nguvu ile ile anayotumia kuyaleta maagizo chini. Asipofanya hivyo, mkutano utakuwa ni amri iliyovaa nguo za mapatano.

Nne, anayebeba gharama afidiwe. Kanuni za mwaka 2011 zinatoa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa madhara ya watu, na majina yenyewe yanakiri kwamba hiyo si fidia. Taifa zima linafaidika na viboko wa Katavi. Haiwezi kuwa haki kwamba hasara yao ibebwe na shamba lililo ukingoni peke yake. Mkulima wa juu naye akitakiwa kufunga mfereji wake mwezi Agosti kwa ajili ya walio chini, apewe mbegu inayokomaa mapema na mfereji usiovuja, asiachwe na hotuba.

Mtu ataweza kusema kwamba masharti haya yatachelewesha suluhu. Ni kweli, yatachelewesha. Lakini banio lililobomolewa kwa amri mwezi Septemba hujengwa tena Januari, na aliyeondolewa bila kusikilizwa hurudi usiku. Suluhu ya namna hiyo ni ya haraka kila mwaka, na kila mwaka inahitajika upya.

Wanafunzi na makada wasome Getting to Yes. Ni kitabu chepesi na kina mengi ya kufundisha juu ya ustahimilivu wa kusikiliza. Ila wakisome wakiwa na ramani ya mto mkononi, na kila wanapokuta mfano wa watu wawili wanaopatana, waulize yuko wapi wa tatu anayekaa chini yao.